Mipira Minne ya Mguu wa Kulia

Mguu wangu wa kulia ulilala mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimeanza kweli kweli, na mimi nikaukasirikia kama unavyomkasirikia mfanyakazi mvivu. Nilikuwa natoka kuoga. Kandambili ilibaki nyuma mlangoni, mimi nikaendelea na safari bila kujua, mpaka mke wangu Nsimire akaniuliza kwa nini natembea na kiatu kimoja. Nikatazama chini. Mguu ulikuwa pale, wangu kabisa, ila ulikuwa hauna habari na mimi. Jioni wa kushoto ukaufuata mwenzake. Siku ya tatu nilishindwa kushika kijiko.

Sitaeleza mambo ya mishipa. Ugonjwa wenyewe una jina refu la Kifaransa na daktari wako atakutajia. Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi ya hospitali sasa hivi, au unayemlinda mgonjwa wako, nikuambie yale ambayo daktari hana nafasi nayo. Nitakuambia kusubiri kukoje, nyumba inageuka vipi, na jinsi nilivyogombana na pedali mbili mwaka mzima na zaidi, nikidhani nagombana na mguu wangu.

Mimi ni rubani. Nilikuwa naendesha ndege ndogo ya injini moja, napeleka dawa, masista, walimu na mabati kwenye viwanja vya udongo huko msituni, mahali ambapo kwa barabara utafika ukiwa umezeeka. Miaka kumi na minne nilifanya kazi hiyo na sikuwahi kuichoka hata Jumatatu moja. Nsimire ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Luvungi, mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Tuna mtoto mmoja, Arsène, ndiyo maana mtaani naitwa Papa Arsène. Tunakaa Cimpunda, hapa Bukavu, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba, ngazi sitini chini ya barabara.

Hospitalini nilianza kuhesabu wakati kwa serum, ile dripu ya mkononi. Wiki ya kwanza ilikuwa chupa tano, moja kwa siku. Baada ya chupa ya tatu uso nao ulilegea, macho yakakataa kufumba. Hilo hakuna aliyenionya. Nililala macho wazi kama samaki wa sokoni, yakikauka na kuniwasha, na Nsimire alikuwa anakuja baada ya darasa, ananifumba kope kwa vidole viwili na kuweka kitambaa chenye maji juu yake. Alikuwa anakaa hivyo saa nzima, mkono wake juu ya uso wangu. Kama una mgonjwa wa namna hii, usimletee maua wala mahubiri, mfumbe macho.

Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikaniteleza kidoleni, Nsimire akaivaa kwenye dole gumba lake. Mapaja yaliisha. Nilipokuwa nageuzwa kitandani niliona miguu ya mtu mwingine, mizee, myembamba, nikatamani kuuliza mwenyewe amekwenda wapi. Noeli tuliila pale wodini, wali na nyama kidogo kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, Nsimire akinilisha. Nililia na kumeza kwa pamoja, jambo ambalo ni hatari kwa mtu wa koo dhaifu, naye akanipigia kelele: "Lia kwanza, ao kula kwanza! Usifanye byote!"

Mwezi wa kwanza wakanirudisha nyumbani. Gari haifiki kwetu. Wanaume wanne wa mtaa walinifunga kwenye kiti cha plastiki na kunishusha zile ngazi sitini kwenye matope, na mama mmoja muuza makaa akacheka kwa sauti: "Maawe! Leo commandant iko abiria!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa mdomo wangu ulikuwa unaenda upande mmoja tu.

Basi ikaanza kazi ya kukaa. Ndugu yangu, kukaa ni kazi. Kila asubuhi, kukiwa hakuna ukungu, ndege ya kwenda kusini ilipita juu ya mabati yetu, na mimi niliijua kwa mlio, na wakati mwingine nilimjua hata aliyeishika kwa jinsi alivyopunguza injini. Nilitamani mpaka kifua kikauma. Nilitamani harufu ya mafuta ya ndege kwenye mikono, baridi ya saa kumi na mbili, ule wakati magurudumu yanapoacha kugonga mawe na kila kitu kinakuwa laini. Nilitamani bonde la Ruzizi asubuhi, mashamba ya mpunga ya Luvungi yaking'aa maji, mto ukijikunja, na moshi wa majiko ya watu wanaoamka. Mtu akinisalimu nilimjibu vizuri, lakini nilikuwa nimeshaondoka, nimeketi mahali pangu pa kushoto mbele, nimevaa mkanda.

Mtaalamu wa viungo, Maman Faida, alikuwa anashuka zile ngazi mara mbili kwa wiki. Mwanamke mfupi, mikono kama ya fundi seremala. Alinipa mkanda wa mpira niuvute kwa mguu kitandani, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Nilifanya siku tatu, nikaacha. Aliponiuliza nikamwambia kwamba mazoezi hayo ni ya kitoto.

"Sawa, commandant," akasema. "Mambo ya watu wazima kwako ni nini?"

Ndipo nikakumbuka zile pedali. Rubani mwenzangu mgeni, aliporudi kwao, aliniachia vifaa vyake vya kurushia ndege ya kwenye kompyuta: usukani na pedali mbili za miguu. Nilizoea kuvitumia kabla ya kwenda kwenye uwanja nisioujua, nijifunze milima imekaa vipi. Kwa asiyejua, pedali ya kulia inapeleka pua ya ndege kulia, ya kushoto inaipeleka kushoto. Na ndege ya injini moja, ikikimbia kupaa kwa nguvu zote, inajivuta kushoto yenyewe. Ni mguu wa kulia tu unaoirudisha kwenye mstari. Rubani asiye na mguu wa kulia ataishia kwenye mihogo ya watu.

Tukaziweka chini ya meza ndani ya sanduku la mbao zisiteleze. Nikaweka miguu, nikasukuma. Hakuna. Springi yake ilikuwa ngumu kwa mguu wangu kama kusukuma ukuta wa kanisa. Nikasema wazitoe, sitaki kuziona.

Aliyeniokoa ni tonton Deo, mdogo wake baba, fundi wa ndege aliyestaafu. Alikuja Jumapili baada ya misa, akavua koti lake, akalala chini ya meza na shati jeupe. Akaitoa ile springi. Badala yake akafunga kipande kimoja cha mpira, kilichokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ule ambao watu wa soko la Kadutu wanafungia mizigo. Kila pedali na kipande chake.

"Sukuma."

Nikasukuma. Ikaenda kidole kimoja hivi. Kwenye kompyuta pua ya ndege ikageuka kidogo, kidogo sana, na mimi nikapiga ukelele mpaka Arsène akaja mbio akidhani nimeanguka.

Tonton Deo ameshika pedali za ndege maisha yake yote, anazijua kwa kiganja. Akaniambia: "Sikia, mutoto wangu. Mipira ine njo ndege yenyewe, na upepo wa upande ndani. Siku utasukuma ine paka mwisho, mara vingt bila kupumuzika, andikia munganga wa bapilote barua. Mbele ya pale, kaa kimya."

Kusukuma minne hadi mwisho mara ishirini, kisha barua kwa daktari anayepima marubani: hiyo ikawa kalenda yangu. Mpira mmoja, kwaresima yote. Miwili, mwezi wa tano, mvua zikiisha. Mitatu, kiangazi, vumbi likiingia kila mahali, nikitembea na magongo hadi kwa jirani. Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kupiga magoti wala kuinama chini ya meza, nikishuka, sinyanyuki. Kwa hiyo kazi ya mipira ilikuwa ya Nsimire. Mpira ukivutwa kila siku unachoka, unarefuka kama soksi ya zamani, basi kila baada ya wiki mbili alikuwa anakata mipya na kubadilisha. Nilikuwa namwambia "ongeza moja," anaingia chini, naona nyayo zake tu, anatoka na vumbi kwenye nywele. "Tayari."

Mwezi wa tisa akafunga wa nne. Tonton Deo aliukagua kwa mkono, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, kisha wiki ile akahamia Kamanyola kwa binti yake, maana baridi ya Bukavu ilikuwa inamsumbua mifupa. Mimi nikabaki na mipira minne na hesabu ya ishirini.

Nilifika mara sita. Wiki mbili baadaye, tisa. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja nikafika kumi na nne, jasho likinitiririka, nikamwita Nsimire aje aone. Alisimama mlangoni na chaki bado vidoleni. Akasema, "Ni vizuri." Akaenda jikoni.

Baada ya hapo nikaanza kurudi nyuma. Kumi. Saba. Nikapumzika wiki nzima, nikapata kumi na moja, kisha nane. Ajabu ni kwamba magongo nilikuwa nimeyaacha, ngazi nazipanda mwenyewe nikishika ukuta, hata Maman Faida alipousukuma mguu wangu kwa mkono alisema, "Commandant, huu mguu una nguvu." Nikamwambia njoo uone pedali. Akaona nikifa kwenye ya saba, akakuna kichwa. Ya kushoto ilikuwa inakwenda vizuri; ya kulia ilikuwa jiwe. Nikaamua kwamba mguu wa kulia umefika mwisho wake. Wapo wanaofika mwisho, tulikuwa tunawaona hospitalini kwenye chumba cha kungojea, na sikuona sababu Mungu anipendelee mimi.

Kampuni ikatuma ujumbe, kwa upole: nafasi yangu wataishikilia hadi mwisho wa mwezi wa Pasaka, kisha watachukua mtu mwingine. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Mistari mitano. Nikaiweka kwenye bahasha, nikamwambia Nsimire aipeleke baada ya Pasaka. Aliishika bahasha ile, akaigeuza geuza, akaiweka kabatini chini ya mashuka. Sikuelewa kwa nini aliificha. Nilidhani ananihurumia.

Ijumaa Kuu tukaenda parokiani. Ilipofika zamu ya safu yetu kuuabudu msalaba nilikwenda na fimbo, nikakusudia kuinamisha kichwa tu kama nilivyofanya mwaka uliotangulia kwenye kiti cha magurudumu. Lakini nilipofika, magoti yakakunjika yenyewe, taratibu, moja, la pili, na nikajikuta niko chini. Nikabusu mti. Nikafikiri, sasa sitatoka hapa. Nikaweka mkono sakafuni, nikainuka. Peke yangu! Nyuma yangu nikasikia Nsimire akilia.

Yeye alibaki na kina mama kuandaa kanisa kwa ajili ya mkesha. Mimi nikarudi nyumbani nikiwa na roho nyepesi, na kwa kuwa magoti yamerudi nilitaka kuyatumia kwa kila kitu. Nikapiga magoti mbele ya kitanda. Nikapiga magoti jikoni, nikaokota kiazi. Kisha nikapiga magoti mbele ya meza na kuingiza kichwa chini, niione hiyo mipira iliyonishinda.

Upande wa kushoto, minne. Upande wa kulia nikahesabu, nikahesabu tena. Minane. Minne ya juu ilifungwa kwa waya, mtindo wa tonton Deo, ambao Nsimire alikuwa ameuiga. Minne mingine ilikuwa nyuma yake, imefungwa fundo lenye mzunguko mara mbili, lile ambalo wanawake wa Luvungi wanafungia mafungu ya sombe, majani ya mihogo.

Nilimpigia simu tonton Deo nikiwa bado chini ya meza.

"Huit?" akasema. "Huit haiko ndege, mutoto wangu. Ile ni kamio, lori ya kubeba mawe. Na ulikuwa nasukuma mara ngapi?"

"Nane. Siku nyingine kumi na moja."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Nsimire aliporudi alinikuta nimekaa kwenye kiti, sanduku nimelivuta katikati ya chumba. Alilitazama. Aliweka mfuko wake chini, akakaa kitandani.

"Toka mwezi gani?" nikamuuliza.

"Ile siku ulifikisha quatorze, kumi na ine."

"Juu ya nini, Mama Arsène?"

"Unajua juu ya nini."

"Sijue. Sema."

Akasema sababu yake. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. "Nimekaa chini kwenye matanga ya bapilote mara tatu. Mara ya tatu hata maiti haikuwa, ilikuwa picha tu mu kadre. Miaka kumi na ine nilisikiliza moteri juu ya mabati, nikasema, njo yeye, ao haiko yeye. Kisha ukapata maladi, ukalala, ukakuwa hapa. Ulikula na sisi kila siku. Arsène akakuzoea. Nikasema aksanti Mungu. Nilisema vile, Papa Arsène, bwana wangu akiwa hawezi hata kufunga macho! Nikaenda kuungama ile aksanti."

"Padri akasemaje?"

"Akasema niombe. Mambo ya mipira hakuniuliza, na mi sikumwambia."

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakapiga kelele. Nikamwambia neno ambalo ningependa kulirudisha mdomoni. Nilimwambia, "Ugonjwa uliniibia mguu mara moja. Wewe umeniibia mara ya pili." Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Ndiyo. Niliiba," akaenda kuwasha jiko.

Jumamosi hatukusemezana. Pasaka tulikula pamoja na wageni, tukapitishiana chumvi. Utadhani baada ya kupona mwili mambo mengine yanajipanga yenyewe, hapana. Nilikuwa natamani kuruka kuliko siku zote, maana sasa nilijua mguu upo, umekuwepo miezi, na niliwasikia wenzangu wakipita juu. Lakini kila nilipomwangalia Nsimire akichota mchuzi niliona kitu ambacho miaka kumi na minne sikukiona, kwamba na yeye alikuwa na hamu yake, kubwa kama yangu, na hamu yake ilikuwa mimi. Zisingeweza kushiba zote mbili. Sikumsamehe siku ile, nakuandikia ukweli. Nilimwelewa tu, na kuelewa kuliniumiza kuliko hasira.

Jumatatu ya Pasaka, mchana, Arsène akiwa kwa jirani, niliingia chumbani nikakuta nyayo za Nsimire zikitokeza chini ya meza. Sanduku alikuwa amelirudisha mahali pake. Alikuwa anafungua mafundo, na kila mpira ulipoachia aliutupa nje sakafuni. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ulimchukua muda. Nikasikia anavuta pumzi, kisha ukatoka nao.

Akatoka na kupangusa magoti. Akawasha kompyuta, akavuta kiti.

"Kaa," akasema. "Sukuma nione."

Nikakaa, nikaweka nguvu zilezile nilizozoea. Pedali ikaenda yote, ikagonga ubao paa! Kwenye kompyuta ndege ikageuka kama mbuzi aliyepigwa jiwe, ikatoka njiani, ikaingia majanini. Nsimire akaruka. Kisha, jamani, tukacheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Akasogea karibu, akakunja mikono. "Polepole. Mi nahesabia."

Nikaanza. Un, deux, trois, kwa Kifaransa na kwa sauti yake ya darasani, ile ya kufundishia watoto. Mguu ulikwenda hadi mwisho na kurudi. Kumi ikapita. Kumi na nne ikapita, akaimeza kidogo, akaendelea. Jasho halikunitoka. Dix-sept. Dix-huit. Mpira ulikuwa unalia kidogo kila ukivutika. Dix-neuf.

Nikasukuma hadi mwisho, nikaushikilia hapo. Nsimire hakuitaja ishirini.

Sikumwangalia. Niliangalia mguu wangu, wenye makovu ya sindano na vidole vilivyopinda kidogo, umebana pedali bila kutetemeka. Ningeweza kuishikilia hadi jioni. Nikasubiri. Juu ya mabati kulikuwa kimya, watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira.

"Vingt," akasema.

Nikaachia. Nikamgeukia, nikafungua mdomo nimuulize kama nirudi kuruka, naye akaniwekea kiganja juu ya midomo.

"Usiniulize. Ukiniuliza nitakatala, na utabaki, na utakuwa unaangalia juu kila asubuhi paka tutazeeka. Enda bila kuniuliza." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Enda, Papa Arsène. Kisha urudie nyumbani."